Yaya wa Vibua

Kabla Murera haijakatwa viwanja, ilikuwa kahawa tupu kutoka barabara ya Ruiru mpaka mtoni. Mwezi wa pili ndio uliopendwa kuliko miezi yote. Mavuno makubwa yalikuwa yameisha, vitanda vya kuanikia vimebaki vitupu, na harufu ya maganda yaliyooza kando ya mashine ya kumenya kahawa imeanza kupungua. Watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walipata jioni za kukaa nje ya milango yao, wanawake wakisukana, wanaume wakibishana juu ya mambo yasiyo na maana yoyote. Na katika mwezi huo, kila mwaka, Memsahib Raba alifunga fimbo zake za kuvulia juu ya gari na kushuka Malindi kutafuta sulisuli, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki.

Wafanyakazi walimwita Memsahib Raba kwa sababu ya viatu vyake vya raba, ambavyo hakuvivua hata siku ya Krismasi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Miaka sita alikuwa amemfuata sulisuli na miaka sita alikuwa amerudi Ruiru na jodari na nguru na hadithi za yule aliyemponyoka.

Ngina, mke wa Muthoka, alikuwa yaya wake. Kusema kweli alikuwa yaya asiye na mtoto wa kulea. Kijana wa memsahib alikuwa amepelekwa Ulaya kusoma, na Ngina alibaki akipiga pasi na kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa, ili asije akaulizwa anafanya nini humo ndani. Moyo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia shida. Mtoto wa jirani akikohoa mara moja, yeye alikuwa amekwisha kuweka maji motoni. Mbwa wa bwana, mume wa memsahib, wakibweka, alitoka nje kutazama kama watoto wake wote wapo.

Kazi hiyo haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya Njambi, rafiki yake, aliyemlea yule kijana tangu akitambaa. Lakini serikali ya wakoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, Wakikuyu wa shamba walihamishiwa kijiji chenye handaki na askari langoni, na Njambi hakupewa ruhusa ya kwenda hata Thika, sembuse Malindi. Asubuhi aliletwa kuchuma kahawa pamoja na wengine, alasiri akarudishwa. Ngina, kwa kuwa Mkamba, alikuwa na cheti cha kumpitisha barabarani. Aliichukua kazi, lakini kila alipovaa ile aproni nyeupe aliona kama amevaa nguo ya mtu aliye hai.

Njambi hakumwekea kinyongo. Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na sita, ndiye aliyempa shauri. Idah, binti mkubwa wa Ngina, alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nne, na shule ya bweni ya misheni, upande wa pili wa Thika, ilikubali kumpokea kwa sharti moja: mzazi alete barua ya mwajiri, inayosema ni mtu wa namna gani. Nafasi ingeshikwa mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa pili. Baada ya hapo angepewa msichana mwingine, na wasichana wengine walikuwa wengi.

"Umemwomba?" Njambi aliuliza, huku akipangusa majani ya kahawa yaliyomnasa kwenye kitambaa cha kichwa.

"Bado. Naogopa."

"Vizuri uogope. Mama Idah, nisikilize. Ukimwomba hapa nyumbani atakwambia 'tutaona', na hiyo siku ya kuona haitafika. Mwombe akiwa amepata samaki. Mimi nilipewa mablanketi matatu na ruhusa ya kwenda kumzika mama, yote ni siku za samaki."

"Na asipopata?"

"Basi usimwombe hata chumvi."

Ngina alisafiri amebanwa kiti cha nyuma, vikapu magotini, vumbi la barabara ya Mombasa likiingia mpaka kwenye meno. Huko Kilifi gari liliingia kwenye feri, na wanaume wakaivuta kwa mnyororo wakiimba na kupiga miguu, wakaleta mzaha juu ya kofia ya bwana, naye akawatupia sigara akidhani wanamsifu. Ngina aliyaona hayo yote kwa jicho moja. La pili lilitazama maji, kijani na mengi mno, na fikira zake zikawa kwa Idah: kama amekula, kama Muthoka amekumbuka kufunga mlango.

Bwana hakuwa mtu wa bahari. Alitapika mara moja mwaka wa kwanza, na tangu hapo alikaa kwenye baraza la hoteli na gazeti lake. Memsahib alikwenda mwenyewe, na mashua ya mtambo aliyoikodi ilikuwa na nahodha mmoja tu, Mzee Lali, mtu mfupi wa Malindi mwenye kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, iliyofifia. Mtu wa kumsaidia Lali alikuwa anaumwa. Memsahib akamtazama Ngina aliyesimama na chupa ya chai.

"Wewe iko fanya nini hapa? Hapana mtoto. Ingia mashua."

Hivyo ndivyo Ngina alivyojikuta ameketi kwenye tezi, upande wa nyuma wa mashua, mbele ya pipa lililokatwa nusu, lenye maji ya bahari na vibua kumi na wawili, samaki wadogo, wakizunguka. Lali alikuwa amewavua alfajiri karibu na miamba. Ndio waliokuwa chambo. Memsahib hakutaka samaki mfu wa kukokotwa nyuma ya mashua kama wanavyofanya wengine. Alitaka kibua aliye hai, atiwe ndoana mgongoni kwa uangalifu na kuachiwa aogelee mwenyewe, mpaka sulisuli aliyeko chini amwone na kumtamani.

"Kazi yako ni hii, mama," Lali alimwambia. "Teka maji baharini, mimina. Toa hiki kizibo, yatoke ya zamani. Rudisha kizibo, teka tena. Usipumzike. Ukimshika kibua, loweka mkono kwanza, mkono mkavu unambandua magamba. Na ukiona mmoja amelala ubavu, mtupe upesi, asiwaharibu wenzake."

"Nitajuaje anayetaka kuugua?"

Lali akacheka. "Hayo ya ugonjwa sijui. Mimi nawavua tu. Wewe si ndiye yaya?"

Lakini Ngina alijua ndani ya siku mbili. Aliwatazama vibua kama alivyowatazama watoto wake mwaka wa surua. Yule anayezunguka pamoja na wenzake ni mzima. Anayejitenga na kusugua ubavu kwenye mbao ana jambo. Anayesimama pembeni akihema kwa mdomo, huyo ni homa, mpe maji mapya upesi. Jumatatu waliishi mpaka saa sita. Jumanne waliishi mpaka kurudi nchi kavu, na Lali akatikisa kichwa. Jumatano memsahib alipata jodari mkubwa asifurahi, kwa sababu hakuwa amemjia jodari. Ngina alimtazama uso, akaona si siku ya kuomba barua. Alimweleza Lali habari za Idah badala yake, kwa kuwa alihitaji kumweleza mtu.

"Umri gani?"

"Kumi na mbili."

"Na baba yake?"

"Yuko kwenye mashine ya kahawa. Yeye anasema msichana amesoma ya kutosha, lakini tangu matokeo yatoke amenunua kufuli ya sanduku la shule. Sanduku lenyewe hatuna."

Lali alicheka mpaka akaachia usukani.

Alhamisi upepo ulilala kabisa. Bahari ilitandazika kama bati jipya, na jua likashuka juu yake likarudi juu tena. Mtambo ulianza kukohoa. Lali alifungua kifuniko akainama humo, mikono imejaa mafuta. Memsahib alijifunika kofia usoni akasinzia. Ngina aliteka na kumimina, lakini hata maji aliyoyateka yalikuwa ya vuguvugu, na vibua wakaanza kupanda juu mmoja mmoja, wakifungua na kufumba midomo.

Akakumbuka nyumbani. Pale Murera kulikuwa na bwawa la shamba, na bwana alikuwa amelitia samaki. Siku za jua kali samaki hao walipanda juu wakitweta vivi hivi, na mzee wa bustani alifungua mfereji kutoka mtoni, maji baridi yakaingia, nao wakashuka chini kwa amani. Ngina aliyaona hayo kwa macho yake, si mara moja. Tena siku ya kwanza alikuwa ameyaonja maji ya bahari, akatema mate mpaka wakafika nchi kavu. Nani angevumilia kiu ndani ya maji kama yale, na jua lile? Chini ya gunia bichi kulikuwa na madebe mawili ya maji ya kunywa, yaliyotoka kisima cha hoteli, baridi ya kupendeza.

Alitoa kizibo akaacha pipa lipungue karibu lote. Kisha akamimina madebe yote mawili, polepole, asiwashtue.

Kwa kitambo kidogo walitulia. Ngina alijisikia vizuri, kama mtu aliyemlaza mtoto. Halafu mmoja akageuka ubavu. Akamtoa upesi kama alivyofundishwa. Wa pili akageuka, na wa tatu, macho yao yakiingia weupe, na kabla hajajua amshike yupi, pipa zima lilikuwa matumbo meupe yanayoelea.

"Mzee Lali," aliita kwa sauti ndogo.

Memsahib ndiye aliyeamka. Alitazama pipa, akamgeukia Lali. "Wewe shika hii samaki na mkono kavu! Asubuhi mimi ona wewe iko haraka. Wewe sasa iko mzee sana. Kesho mimi tafuta mtu ingine!"

Lali aliuacha mtambo. Alichovya kidole kwenye pipa akakitia mdomoni. Akamtazama Ngina. Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akarudi kwenye mtambo wake, na mashua ikageuza kichwa kuelekea nchi kavu.

Ngina alikaa kando ya pipa njia yote. Alikuwa amepima jambo hilo pande zote, kwa maana kupima ndiyo kazi aliyoizoea. Akisema, barua imekwisha, na huenda kazi pia, na bila kazi na nyumba ya laini imekwenda. Asiposema, mzee wa watu amepoteza kazi ya mashua kwa kosa lisilo lake. Alifika hotelini hajasema.

Asubuhi alimkuta Lali ufukweni akisuuza pipa.

"Ulijua," Ngina alisema.

"Nilionja."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama nyinyi watu wa bara mna haya." Alijitahidi kukaza uso, ukamshinda. "Mama wee! Umewapa samaki maji ya kunywa? Na chai je, hukuwapikia?"

"Walikuwa na kiu, baba."

"Walikuwa na kiu!" Lali aliketi mchangani, machozi yakamtoka kwa kicheko. Alipopata pumzi alisema taratibu, "Kibua ni mtoto wa chumvi, mama. Ukimtoa kwenye chumvi umemtoa roho. Haya, nenda zako. Mashua ziko nyingi. Una binti wewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angemtukana. Alipanda ngazi za hoteli akawakuta bwana na memsahib mezani, akasimama na mikono nyuma, akasema yote bila kupumua: kizibo, madebe mawili, na kwamba Mzee Lali hakuwa na kosa.

"Wewe napa samaki maji ya kunywa?" memsahib aliuliza.

"Ndiyo, memsahib. Mimi niliona iko na kiu."

Gazeti la bwana lilianza kutetemeka. Nyuma yake alikuwa akikibana kicheko. Memsahib hakucheka.

"Kwenda. Toka mbele yangu."

Ijumaa nzima Ngina alipiga pasi mashuka ambayo hata hayakuwa yao. Mashua ilikwenda na Lali, lakini Lali alikuwa na mikono miwili tu, na mtambo ulitaka yote miwili. Kufika saa nne vibua wote walikuwa wamekufa, katika maji ya chumvi safari hii, na memsahib akarudi kabla ya chakula cha mchana akitembea kwa vishindo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kupigia pasi.

"Kesho wewe kuja."

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho. Jumapili wangesafiri, na Jumatano ilikuwa mwisho wa mwezi. Ngina aliteka na kumimina tangu mashua ilipoacha ufuko, hakunywa chai, hakuangalia pomboo Lali alipowaonyesha. Papa walimla kibua wa kwanza na wa tatu. Samaki aina ya kolekole wakawamaliza wanane. Kufika saa sita walibaki wawili, na mmoja alikuwa amesimama pembeni, mdomo wazi. Ngina alimtoa. Akabaki mmoja, mwenye nguvu, akizunguka peke yake.

"Ni huyu tu?" memsahib aliuliza.

"Huyu tu. Lakini yeye ni mzima kabisa."

Alilowesha mkono, akamwinua, akamshika tumboni kwa vidole bila kumbana huku Lali akimtia ndoana. Kibua akashuka majini akapiga mkia, akapotea chini ya mwanga.

Haikuchukua muda. Mshipi ulikimbia, memsahib akauacha ukimbie, midomo yake ikihesabu. Kisha akavuta kwa mwili wake wote, na kule mbali bahari ikapasuka na sulisuli akasimama juu ya maji, mweusi na wa buluu, pezi la mgongoni limefunguka kama mwavuli. Gurudumu la fimbo lilipiga kelele. Lali naye akapiga kelele, kwa Kibajuni.

"Maji!" memsahib aliamuru. "Mwaga maji hapa!"

Gurudumu lilikuwa limepata moto kwa jinsi mshipi ulivyokimbia. Ngina alimimina juu yake, akateka tena, akammiminia memsahib mabegani. Dakika zikapita, nyingi. Samaki alikwenda chini, akavutwa, akaenda tena. Ngina aliutazama ule mshipi, mwembamba kama uzi wa kushonea, na moyo wake ukatangulia kama kawaida yake: ukauona umekatika, memsahib amenuna, Jumatano imefika.

"Memsahib," alisema. "Idah amefaulu mtihani."

"Nini?"

"Idah. Mtoto yangu. Shule inataka barua kutoka kwa memsahib."

"Maji!"

Alimimina. "Barua tu, memsahib. Kabla ya Jumatano."

"Mama, hebu ngoja!" Lali alifoka kutoka kwenye usukani. "Hujaona mtu ana kazi?"

"Siwezi kungoja! Ukikatika huu mshipi na barua imekatika!"

"Ndiyo! Ndiyo!" memsahib alipiga ukelele, jasho likimtiririka machoni. "Mimi andika! Sasa maji!"

Walipigana naye zaidi ya saa moja. Alifika karibu hata wakaliona jicho lake, kubwa kama kikombe, na Lali akawa amekwisha vaa glovu za kumshika mdomo. Hapo samaki akaruka mara moja tu, akatikisa kichwa, na mshipi ukarudi mtupu.

Lali aligeuza mashua kuelekea nchi kavu. Bwana aliinuka kwenye kiti chake, akamtazama mkewe usoni, akaketi tena. Ngina alileta chai. Memsahib alijaribu kushika kikombe, vidole vikakataa kujikunja, chai ikamwagika mezani. Ngina akaipangusa, akasema moyoni kwamba ni hapo basi, na akageuka kuondoka.

"Lete karatasi," memsahib alisema.

Kalamu nayo ilimshinda. "Mkono yangu kwisha. Andika wewe. Wewe jua kuandika?"

Ngina alikuwa amefika darasa la tatu, huko kwao Machakos. Aliketi ukingoni mwa kiti, mara ya kwanza na ya mwisho kuketi mezani pamoja na memsahib, akaandika alichoambiwa, akikinyoosha kwa Kiswahili cha kanisani. Kwamba Ngina, mke wa Muthoka, amefanya kazi miaka miwili. Kwamba haibi. Kwamba hachelewi. Kwamba ni mtu wa kuangalia sana.

"Andika: siku ya Alhamisi yeye kuua samaki yangu yote."

Kalamu ilisimama. "Na hiyo, memsahib?"

"Andika."

"Shule itasema nini?"

"Andika. Halafu andika: asubuhi akaja mwenyewe kusema, na hapana mtu kumwuliza."

Memsahib aliishika kalamu kwa ngumi, kama mtoto, akatia sahihi iliyopanda kilima na kushuka.

Njia nzima ya kurudi barua ilikuwa kifuani mwa Ngina, ikimwasha. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Angeweza kunakili nyingine bila ule mstari, na sahihi iliyopinda vile nani angeitambua? Alifikiri hivyo Mombasa, akafikiri hivyo Voi, na tena usiku wa Jumatatu pale Murera, Idah akiwa amelala. Jumatano asubuhi aliipeleka ilivyo. Walitembea mpaka Thika na kuipita, Idah akiwa na kikapu kichwani, kile kikapu Muthoka alichokitia kufuli kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa misheni, mtu mzima, mwenye Kiswahili kizuri. Aliisoma barua mara mbili.

"Kwa nini uliwaua samaki?"

"Niliwapa maji ya kunywa. Walikuwa wa baharini."

"Na huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, mwalimu. Sahihi ndiyo yake."

Mwalimu alivua miwani. "Basi ungeweza kuuacha huu mstari."

"Ningeweza," Ngina alisema, na mikono yake ikatafuta kitu cha kukunja, ikakosa.

Mwalimu aliikunja barua yeye mwenyewe akaiweka kwenye jalada, akaandika jina kwenye daftari kubwa. "Idah, chukua kikapu chako. Bweni la pili. Kitanda chako ni kile cha tatu, chini ya dirisha."

Idah alimtazama mama yake, akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Ngina alimshika bega, akashukuru mara tatu, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Hapo akasimama.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Dirisha lenyewe linafungika vizuri?"